Mbuzi Namba Tisa na Profesa wa Lodwar

Hii stori nikiisimulia, mimi ndiye naonekana mjinga. Nasema mapema ndio usifike katikati ukashtuka. Watu wa stage yetu ya boda hapa Kakuma wanaijua yote, na mgeni yeyote akija kupumzika hapo kwenye kivuli wanamwambia, "Muulize huyu habari ya utafiti." Nikikasirika wanacheka zaidi. Kwa hivyo siku hizi naisimulia mwenyewe, tena kwa madoido, kabla mtu hajaniharibia.

Madam alikuja stage asubuhi moja ya kiangazi, begi mgongoni, kofia kubwa kama sinia. Alikuwa anasoma digrii ya pili pale chuo cha Lodwar. Alitaka mtu wa boda anayejua Kiturkana, Kiswahili kidogo, na asiyeogopa miiba ya mathenge. Wenzangu wakaangalia tairi zao. Mimi nikasimama.

"Madam, mimi naongea Kiturkana, Kiswahili, Kiarabu cha Juba cha kununua sukari, na Kiingereza cha kusema no problem."

"Na umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mlango wa sekondari. Ulikuwa umefungwa."

Akacheka, akapanda. Hivyo ndivyo niliingia kwenye sayansi.

Kama hujafika huku, mathenge ni mti wa miiba ambao ulipandwa zamani kuzuia mchanga, halafu ukakataa kuacha. Uko kwenye laga, ile mito yetu ya mchanga isiyo na maji, uko kwenye njia, ungeweza kupanda kitanda chako ungepanda. Mwiba wake unaingia kwenye tairi kama sindano ya nesi. Maganda yake yana mbegu ndani, na ni matamu. Mbuzi anayapenda kama mtoto anavyopenda peremende, na shida ni ileile ya peremende: sukari inakaa kwenye meno, meno yanaoza, na mbuzi bila meno wakati wa kiangazi ni ngozi tu inayongoja siku yake.

Madam alikuwa na swali moja. Haya maganda yakianikwa yakauka kabisa, yakasagwa pamoja na mbegu zake yakawa unga, mbuzi akila unga badala ya kutafuna, atanenepa? Meno yatapona? Basi. Nilimwambia swali kama hilo hata mimi naweza kuuliza. Akaniambia, "Kuuliza ni rahisi, kazi ni kulinganisha." Mbuzi zingine zile unga, zingine ziende malishoni kama kawaida, halafu upime zote kila wiki mpaka mvua inyeshe.

Mbuzi zilikuwa za mama mmoja wa Lopur, mjane, mdomo wake mkali kuliko mathenge yenyewe. Mbuzi zake kadhaa zilikufa midomo mitupu kiangazi cha nyuma, ndiyo maana alikubali. Makubaliano nilitafsiri mimi mwenyewe, chini ya mti mkubwa wa ewoi, ule wa miiba unaoachwa kwa ajili ya kivuli: mbuzi ni za mama, unga ni wa madam, na hakuna mbuzi yenye hereni itauzwa wala kuchinjwa mpaka kazi iishe. Mama akasema sawa. Nikatafsiri, "Amesema sawa." Kazi safi. Kumbuka hayo maneno, mpaka kazi iishe, maana ndiyo yalinimaliza.

Tukavisha mbuzi hereni za njano za plastiki zenye namba. Mama akaangalia, akasema, "Mimi hata siku ya arusi yangu sikuvishwa hereni."

Sasa kusaga. Mashine ya kusaga ilikuwa ya jamaa mmoja wa Sudan Kusini, ndani ya kambi ya wakimbizi, mtu mrefu mpaka akiongea na wewe anaonekana anaongea na paa. Gunia la kwanza tulileta halijakauka vizuri. Ile sukari ya maganda ikashika ndani ya mashine kama gundi. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, wamama wakabaki wamesimama na mahindi yao ya mgao.

"Ya akhui, ndugu yangu," akaniambia, "umeniletea chakula ama umeniletea gundi?"

"Ni utafiti."

"Utafiti uoshe mashine yangu."

Tukaiosha. Madam na digrii yake ya kwanza, mimi na darasa la nane langu, tumeinama na misumari tunakwangua. Toka siku hiyo tulianika maganda kwenye mabati mpaka ukiyavunja yanalia kama kijiti. Nikisikia ule mlio hata leo, namkumbuka madam na vidole vyake vimeshikana kwa sukari, anashindwa kushika simu.

Kupima ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa tunatoka Kakuma alfajiri, upepo haujaamka, tunavuka laga mchanga ukiwa bado baridi, mimi naimba vibaya na madam ananiomba niache. Tulipima kabla mbuzi hazijala wala kunywa, maana mbuzi iliyokunywa maji inakudanganya uzito. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza, ileile wanayopimia watoto kliniki. Tunaifunga kwenye tawi, mbuzi tunaiweka kwenye gunia lenye matundu manne ya miguu, inaning'inia pale inatuangalia kama mkwe. Mama alikuwa anapita na kibuyu chake anasema, "Huyo mpeni na chanjo kabisa. Na neti."

Madam alikuwa anasoma namba, mimi naandika kwenye mkono wangu kwa biro, kutoka kiwiko mpaka kidoleni, kwa sababu karatasi ya kwanza upepo ulienda nayo upande wa Uganda. Tukirudi kwenye kivuli anahamisha kutoka kwa mkono wangu. Alikuwa ananiambia, "Usitoe jasho kwanza."

Siku moja tumekaa kando ya laga na chai ya flaski na mandazi, nikamuuliza kwa nini anakimbia hivi, mbuzi haziendi popote.

"Zilienda," akasema.

Akanieleza. Hii haikuwa mara yake ya kwanza. Alikuwa ameanza utafiti huohuo upande mwingine, na mwenye mbuzi alipoona majani yameisha akahama na mifugo yake yote kuelekea Namoruputh, hereni na kila kitu. Madam alizunguka akiuliza watu kama wameona mbuzi zenye namba. Chuo kikamwongezea muda, kikamwambia huu ni wa mwisho. Hizi za Lopur zikiharibika, anafunga begi anarudi kwao bila digrii. Na kwao mama yake alishaanza kuambia kanisa lote kwamba binti yake anakaribia kuwa daktari wa mifugo.

"Daktari?"

"Si daktari. Nimemweleza. Hasikii."

Hakucheka. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza na mandazi.

Kwenye zile mbuzi, namba tisa ndiyo ilikuwa yetu. Dume lililohasiwa, jeusi, baka jeupe kwenye jicho moja kama limepigwa ngumi. Lilikuwa kwenye kundi la unga. Lilikuwa linakula kama limeajiriwa. Kila Alhamisi mshale wa mizani unasukuma mbele kidogo, na madam anasema "Tisa!" kama mtu wa mpira. Lilinipiga pembe kwenye goti na bado nililipenda. Wakati mbuzi za majirani mifupa inahesabika, tisa ilikuwa inatembea mgongo bapa kama meza. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia. Mama akaanza kumwita madam "msichana wetu."

Basi siku moja madam akaniambia anashuka Lodwar, na Alhamisi inayofuata atarudi na profesa wake, yule msimamizi wa utafiti, anataka kuona kazi kwa macho. Akapanda gari akaenda. Lopur hakuna network, na mimi ndiye nilipeleka habari kwa mama.

Hapa ndipo ujinga wangu unaanza, lakini nisikilize kwanza. Mimi nimekulia miradi. Nimeona mradi wa kuku Kalobeyei, nimeona mradi wa mboga, nimeona mradi wa majiko. Yote inaisha namna moja. Gari kubwa jeupe linakuja, watu wanashuka na vitambulisho shingoni, picha, soda, tisheti, makofi. Kesho yake kuku ni wako, jembe ni lako, na yule mtu wa mradi humuoni tena. Tisheti ninazo nyumbani, moja imeandikwa habari ya kuosha mikono. Kwa hivyo mama aliponiuliza, "Profesa anakuja kufanya nini?" nikajibu bila kufikiria, kama mtu aliyesomea.

"Mama, gari kubwa likija, kazi imeisha. Anakuja kufunga."

"Imeisha? Mvua bado."

"Wenyewe ndio wanajua kufunga. Mbuzi sasa ni zako kabisa."

Mama akaweka kibuyu chini. Halafu akasema lile neno ambalo mama yeyote wa huku angesema. "Mtu atoke Lodwar na hili jua, afike kwangu, nimpe chai ya rangi arudi? Nani amenilea hivyo?"

Na mgeni mkubwa humpi mbuzi ya kuokota. Unampa ile bora, ama usimpe. Mama akaniuliza ipi ndiyo bora. Angeweza kuangalia kwa macho tu, lakini mimi nikasema hapana, sisi ni watu wa utafiti. Alhamisi ile nikafika mapema, nikafunga mizani, nikapima zote, kabla hazijala, kabla hazijanywa, nikaandika mkononi vizuri. Halafu nikamgeukia mama nikasema kwa heshima yote ya sayansi, "Ni tisa."

Wanaume wa boma la jirani wakaifanya ile kazi. Goti langu liliniuma kidogo, nadhani ni pale iliponipiga. Hereni nikaichukua, nikaifunga kwenye ufunguo wa pikipiki yangu. Ukumbusho.

Gari likafika nyama iko tayari, harufu imetangulia mpaka barabarani. Profesa akashuka. Mimi nilitegemea mtu wa tai; alikuwa mzee mwembamba, kandambili, na salamu yake ya kwanza ilikuwa "Ejok-a?" kwa sauti ya mtu wa hapahapa. Kumbe ni mtoto wa wafugaji wa upande wa Loima, kitabu kilimchukua tu. Hakukubali kiti cha plastiki. Alikaa chini na wanaume kwenye kivuli. Mama akafurahi mpaka akasahau kugomba mtu.

Madam alikuwa anahangaika na sanduku la vifaa kwenye gari. Profesa akapewa mguu. Akauma. Akafumba macho.

"Mama," akasema, "nyama laini hivi, na kiangazi hiki?"

"Ni ya mgeni," mama akajibu.

Profesa akatafuna, akanigeukia mimi. "Wewe ndiye msaidizi? Nimesikia kazi yako. Sasa niambie, iko wapi ile namba tisa? Huyu mwanafunzi wangu amenisumbua masikio njia nzima, tisa, tisa, tisa. Nimekuja kuiona."

Nikatabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu. Nikainua ufunguo wa pikipiki, hereni ya njano ikaning'inia.

"Profesa, si umeishika mkononi."

Mdomo wake ukasimama. Nyuma yangu nikasikia sanduku limeanguka. Madam alikuwa amefika, ameona hereni, ameona mguu, na ameelewa kabla yangu.

"Niambie anatania," profesa akamwambia madam.

Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwa natania.

Madam hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alienda nyuma ya gari akachuchumaa upande wa kivuli, kofia ile kubwa imefunika uso, na mabega yalikuwa yanatikisika. Mama akaniuliza kwa Kiturkana, "Msichana wetu analia nini? Nyama ina nini?" Ikabidi nimtafsirie ujinga wangu mwenyewe, neno kwa neno, kwamba kazi haikuwa imeisha, kwamba bado kulikuwa na wiki nyingi mbele, kwamba tisa haikuwa ya kufunga. Mama akaniangalia. "Wewe," akasema, "mdomo wako unatangulia kichwa kama mbuzi ya mbele iliyopofuka." Wanaume wakaangalia chini.

Na profesa? Alikuwa bado ameshika ule mguu. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Siwezi kuuweka chini. Mama ananiangalia." Na kweli, huwezi. Mwenye boma amekuchinjia bora yake, uiweke chini mbele ya wanaume? Basi mzee akala. Akala polepole, uso umekunjamana, kama mtu anayekula shahada ya mwanafunzi wake kipande kwa kipande, mpaka mfupa ukawa mweupe. Ndipo akafuta mikono kwenye mchanga akaniita.

"Hereni uliitoa saa ngapi?"

"Baada ya kupima."

"Ulipima leo?"

"Zote. Ndio nikajua kubwa ni gani."

"Zilikuwa zimekula?"

"Hapana, profesa. Wala maji. Iliyokunywa inadanganya."

Nikamnyooshea mkono. Namba zote zilikuwa pale, za tisa ziko karibu na kiwiko, jasho limezila kidogo lakini zinasomeka. Akazisoma akivuta ngozi yangu huku na huku. Halafu akaenda nyuma ya gari. Mimi nikabaki pale nimenyoosha mkono kama mtu anangoja sindano.

Nilimsikia akimwambia madam, sauti ya chini. "Tisa imetoka. Namba zake tunazo mpaka leo. Andika imechinjwa, usiandike imekufa, na uandike kwa nini. Zile zingine endelea nazo mpaka mwisho. Lakini ikipotea moja zaidi, hatuna kitu cha kupeleka popote."

Kurudi Kakuma nilimbeba madam bila kuimba. Karibu na laga akasema mgongoni kwangu, "Imba basi." Nikashindwa.

Wiki zilizobaki nililinda zile mbuzi kuliko nilivyowahi kulinda pikipiki. Lakini aliyenishinda ni mama. Watu wa upande wa mume wa binti yake walikuja, wageni wa maana, wa mazungumzo ya mahari. Desturi inajulikana. Wakaangalia zile mbuzi zimenona, wakakaa vizuri, wakangoja. Mama akawaambia, "Hizo hamzigusi. Mbuzi zangu ziko shule." Akaenda kwa jirani, akaomba mbuzi nyingine nyembamba, akawachinjia hiyo. Walimsema Lopur nzima kwamba amekuwa mchoyo. Yeye aliyenifokea kwa sababu ya chai ya rangi! Hakuniambia. Nilisikia stage.

Mvua ikanyesha, tukapima mara ya mwisho tukiwa tumelowa. Hakuna gari kubwa lililokuja. Tulifungua mizani kwenye tawi, mama akatupa maziwa, ikawa imeisha kweli. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuisha bila tisheti.

Baadaye ule utafiti ulichapishwa kwenye jarida la wasomi. Madam aliniletea nakala mbili za Kiingereza. Ya mama iko kwenye paa la nyumba yake, imechomekwa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Yangu nimeisoma kwa tabu, naruka maneno kama mashimo ya barabara. Kwenye jedwali kuna mstari wa tisa, namba zinapanda, zinapanda, halafu ghafla ni kistari kitupu mpaka mwisho. Chini yake kwa maandishi madogo wameeleza kwamba mnyama mmoja alichinjwa na mwenye mifugo kwa heshima ya mgeni. Mgeni ni nani hawajasema, lakini jina lake liko kule juu, la pili, baada ya la madam.

Madam siku hizi anafundisha mbali, kwao. Mimi bado nabeba watu. Alhamisi naamka mapema bila sababu. Wakati mwingine naenda Lopur bila abiria, mama ananipa maziwa na matusi, na mbuzi chache zenye hereni zilizofifia zinakuja zenyewe kusimama chini ya ule ewoi, zinatazama tawi. Kamba yetu iko bado pale. Ufunguo wangu nao una ile namba. Abiria wakiniuliza tisa ni ya nini, nawaambia ni umri wa akili yangu.

Lakini siku ninayoirudia zaidi ni ile ya Lodwar, alipoitwa kutetea utafiti wake mbele ya wakubwa wa chuo. Nilipiga pikipiki kutoka Kakuma mpaka huko, mgongo ukafa ganzi, nikakaa nje ya geti chini ya mwarobaini. Nilikaa pale jua likihamisha kivuli na mimi nahama nacho. Nilikuwa nafikiria lile pengo la tisa kwenye namba zake, na wale wazee wakilinyooshea kidole, na madam akikosa la kusema kwa sababu yangu.

Akatoka. Alikuwa na sketi ya heshima na viatu vya kuazima, uso haunionyeshi kitu. Akaja mpaka kwenye pikipiki, akashika ile hereni kwenye ufunguo, akaigeuza.

"Waliuliza habari ya tisa?" nikasema.

"Waliuliza," akasema. "Nimelala bila usingizi wiki nzima nikitayarisha majibu, na wale wazee wote na vyeti vyao walikuwa na swali moja tu la kweli: nyama ilikuwa tamu? Nikawaambia wamuulize profesa. Washa pikipiki twende, mama yangu anangoja simu. Na leo utaimba."